Namna ya Kumkalisha Mama Kitako

Mahitaji: mama mmoja aliyepita miaka 70, mwenye nyonga inayouma na asiyekubali kuwa inauma. Watoto wanne, asiishi karibu naye hata mmoja. Kundi moja la WhatsApp. Kochi, laini kadiri mfuko utakavyoruhusu. Kufuli. Na huruma; hii usipime kwa kijiko, mimina tu.

Mwongozo huu tumeujaribu wenyewe, nyumbani kwetu Tanga, kwa mama aliyekuwa akiendesha baiskeli kutoka Ngamiani hadi soko la Mgandini kila asubuhi na kurudi na nazi, dagaa na habari za mji mzima. Ilituchukua miezi saba tu kumfikisha mahali ambapo safari ya msalani iliombewa dua. Atakayefuata maelekezo kwa makini anaweza kumaliza kazi mapema zaidi.

Hatua ya kwanza: usimuulize panapouma.

Mama akisema "kiuno," wewe chukua kiuno. Wanawake wa pwani wa rika lake wana neno moja kwa nchi yote inayoanzia mbavuni na kuishia mapajani, na neno hilo ni kiuno. Lifikishe kundini kama lilivyo. Kwetu, kabla nusu saa haijapita, dada aliyeko Maskati alishasema ni figo, kaka mkubwa wa Dar akasema ni baridi yabisi, na kitindamimba wa Dodoma akatuma sauti ya dakika nne ya mtu asiyemjua akieleza faida za bamia. Mimi niliandika "Mungu amponye," nikajiona nimetimiza wajibu.

Wiki mbili baadaye kiuno kikawa goti. Hapo tukaamka, tukampeleka kupigwa picha ya goti, na goti likatoka zuri. Mpiga picha akasema ni goti la mtu wa miaka 50. Mama alirudi nyumbani na sifa mpya na maumivu yale yale.

Tulichokuja kuambiwa baadaye ni kwamba nyonga ina tabia ya kusemea mdomo wa goti. Mishipa ya fahamu inayohudumia viungo hivi viwili ni ya ukoo mmoja, kwa hiyo nyonga iliyochakaa inaweza kuuma gotini na goti lisiwe na kosa lolote. Halafu nyonga yenyewe haiumi pale wengi wanapodhani, ubavuni, mahali pa kushikia mkono mtu akigombana. Huuma mbele, kwenye kinena. Maumivu ya ubavuni mara nyingi ni ya misuli na kano. Ya makalioni aghalabu yametoka mgongoni.

Sasa niambieni, mama yupi wa Ngamiani atamwonyesha mwanawe wa kiume kinena? Alisema kiuno kwa adabu. Akasema goti kwa sababu liliuma kweli, na ni kiungo kisicho na aibu. Uchunguzi wetu ulikwamia kwenye haya, na aliyeukwamua ni mjukuu wa miaka 13 ambaye kazi yake ilikuwa kumkata bibi kucha. Siku moja, watu wote wamezunguka sinia, akasema: "Bibi hafiki kwenye vidole vyake tangu Ramadhani." Mtu asiyefika kwenye kucha zake, anayepata tabu kuvaa viatu, ambaye mguu wake unakataa kugeukia ndani na anayeamka mkavu kama dagaa kisha akalegea baada ya dakika chache za kutembea, huyo anatangaza habari za nyonga. Habari hizo zilikuwa zikisomwa kila Ijumaa na mtoto wa darasa la saba, sisi wakubwa tunasubiri vipimo.

Hatua ya pili ni kochi. Changishaneni. Mkishalinunua, mwambieni: "Mama, umetulea, sasa zamu yetu." Uzuri wa maneno haya ni kwamba hayana jibu. Akikataa ataonekana anakataa mapenzi.

La kwetu lilikuwa rangi ya maziwa na liliingia ndani kwa kung'oa mlango. Mama alipoketi mara ya kwanza alizama mpaka magoti yakawa juu ya nyonga, akabaki anatutazama kama abiria aliye ndani ya mtumbwi. Tukampiga picha, tukaituma Maskati. Kumtoa kulihitaji watu wawili na bismillahi tatu, na kwa kuwa watu wawili hawakuwapo kila saa, akaanza kubaki humo. Tukaandika kundini: siku hizi mama anapumzika vizuri.

Ukitaka kuharibu mwongozo huu, mpe kiti kigumu kiasi, chenye mikono ya kujisukumia, kilicho juu kiasi kwamba akiketi magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kwa maneno mengine, kile kiti cha mninga tulichokitoa nje kupisha kochi.

Maana kukaa si kupumzika kwa kiungo. Ndani ya nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimevikwa gegedu, na gegedu halina mishipa ya damu. Hula kutokana na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa ndani na nje pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea. Mkalishe mama kutwa, umelifungisha gegedu saumu isiyo na futari. Misuli ya makalio nayo, ambayo ndiyo inayoishikilia nyonga isiyumbe, hunyauka haraka sana kwa mtu mzima. Kuhusu bamia, na supu ya kongoro, ambavyo mtaa mzima ulivileta kwa nia njema ili "kuongeza mafuta kwenye viungo": vyote ni vitamu, na vyote huishia tumboni. Ute wa bamia hauna njia ya kwenda nyongani. Tuliendelea kula kongoro hata hivyo, kwa ajili ya mgonjwa.

Hatua ya tatu: mpokonye kazi. Hapa ndipo ustadi ulipo, kwa hiyo twende taratibu.

Tulianza na ufagio, kwa kuajiri binti wa kazi. Tukafuata na mbuzi. (Kwa wasomaji wa bara: mbuzi huyu hali majani. Ni kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia kwa kukipanda kama farasi, unakuna nazi.) Hapa lazima nikiri kuwa tulikuwa na hoja. Kuikalia mbuzi ya nazi ni kuikunja nyonga hadi mwisho wake na kuyapanua mapaja kwa wakati mmoja, mambo mawili ambayo nyonga mbovu inayachukia kuliko yote. Choo cha kuchuchumaa ni ndugu yake. Kwa hiyo tulikuwa sahihi juu ya mbuzi na tukakosea juu ya mama: badala ya kubadilisha kigoda, tukamwondoa yeye jikoni. Tukamletea tui la pakiti. Alilionja kwa ncha ya ulimi, akasema linanuka karatasi, akala wali mkavu siku kumi na moja.

Kisha baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya kike, ile isiyo na mtalimbo katikati, ya kijani, yenye kapu mbele. Mgeni akija Tanga mara ya kwanza hushangaa kuona watu wazima, wake kwa waume, wanapiga pedali bila haraka kama wanaokwenda kuzungumza na upepo. Mji ni tambarare, na barabara za Ngamiani zimenyooka na kuhesabiwa kwa namba. Mama alijifunza kuendesha akiwa msichana na hakuwahi kuona sababu ya kuacha. Sababu tukaileta sisi: "Watu watasema hatumtunzi." Kaka mkubwa akanunua kufuli na mnyororo, akaifunga kwenye nondo za dirisha la stoo. Ufunguo nikapewa mimi, na mimi nikapanda nao basi kwenda Dar, kilomita 350 hivi kutoka kwenye kufuli lake. Hiyo ndiyo sehemu ya mwongozo ninayojivunia zaidi kiufundi. Ufunguo ukibaki nyumba moja na kufuli, mama ataupata.

Hatua ya nne, bakora. Iletwe na mtoto aliye ng'ambo. Ya kwetu ilitoka Maskati, nyeusi, ina kichwa cha fedha, na ilikuwa imepimwa kwa ajili ya mwanamume mrefu anayekwenda harusini. Mpe bila maelezo. Atafanya kile ambacho kila mtu hufanya: ataishika upande ule ule unaouma. Mwache.

Ukimwambia kuwa bakora hushikwa mkono wa pili, ule wa upande mzima, utaharibu kila kitu. Bakora ikiwa upande wa pili, inasonga mbele pamoja na mguu mbovu na kuupunguzia mzigo wa mwili. Ikiwa upande ule ule, mtu anauegemea ugonjwa wake. Urefu nao una kipimo: asimame wima na viatu vyake, mikono imening'inia, na mshikio uwe sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono. Chini iwe na mpira mzima, maana bakora yenye ncha tupu kwenye sakafu ya marumaru iliyopigwa deki ni tiketi ya kwenda wodini. Mama hakujua hayo na sisi hatukujua, basi akaitumia kufukuzia kuku na kuwanyooshea watoto wa jirani, kazi ambazo urefu wa ziada ulimsaidia.

Dawa nitazipitia upesi kwa sababu hazina mzaha mwingi. Jirani atampa diklofenaki zilizombakia. Duka la dawa litamuuzia nyingine bila kumuuliza kama ana shinikizo la damu, naye analo. Vidonge vya jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, hutuliza kweli, lakini kwa mzee vikitumiwa holela hutoboa tumbo, huchosha figo na kupandisha presha; choo kikiwa cheusi kama lami, siku hiyo si ya kusubiri. Parasetamoli ni mpole zaidi, ila naye ana mpaka: mtu mzima asipite gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mzee mwembamba daktari hushusha hapo. Kisha kuna ile dawa ya unga inayouzwa ndani ya basi na mtu mwenye sauti nzuri. Dawa ya "mizizi mitupu" inayofuta maumivu yote kwa siku mbili na baada ya wiki kadhaa ikampa mtumiaji mashavu ya mviringo kama mwezi, huenda imesagwa pamoja na steroidi, na steroidi ya muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa na inaweza kuua kichwa cha mfupa wa nyonga ile ile. Kitindamimba alituma pakiti tatu. Mama alizimwagia mwarobaini, na mwarobaini unaendelea vizuri.

Jambo moja nalitoa nje ya kejeli kabisa. Mzee akianguka, akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi na unyayo umelala kutazama nje, asichuliwe, asivutwe, asifungwe mabua. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tulipofikia mwezi wa saba mama alikuwa halali. Tukaenda hospitali, safari hii na mjukuu kama msemaji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu wa miaka 60 kuwa mzee, na kulikuwa na dirisha la wazee na benchi lake. Mama alikataa kulikalia. "Wale ndio wazee," akaninong'oneza, akiwaonyesha watu ambao mmoja wao alisoma naye darasa moja.

Picha ya nyonga ikaonyesha nafasi kati ya mfupa na mfupa imebana. Kaka mkubwa, aliyekuwa hewani kwa simu ya video, akauliza hapo hapo kuhusu kuibadilisha nyonga. Daktari alikuwa na subira. Akaeleza kuwa kazi hiyo imekomaa: Mwingereza John Charnley aliiweka sawa mwaka 1962 pale Wrightington, kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki, na wazo la msingi ni lile lile mpaka leo; hapa nchini pia hufanyika, taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili inaifanya. Lakini haiamuliwi na picha peke yake. Huamuliwa na usingizi uliopotea na mwendo uliokatika baada ya njia nyingine kujaribiwa. Akatutazama mmoja mmoja. "Njia nyingine mmejaribu zipi?"

Tukataja kochi.

Akatuandikia kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Tulimkuta binti mdogo, ameinama anamfunga mtu bandeji.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, kabla ya kuugua ulikuwa unashinda ukifanya nini?"

Mama akahesabu: kufagia, kukuna, sokoni kwa baiskeli, kumwagilia mchaichai, kikoba Jumamosi, misiba inapotokea.

"Na sasa?"

"Sasa natunzwa."

Yule binti akaandika kitu, kirefu kuliko jibu lenyewe. Nilijaribu kukisoma kichwa chini, sikuweza.

Alichompa si kingi. Asimame kutoka kitini na kuketi tena mara kumi, bila mikono siku atakayoweza. Ashike ukingo wa meza ya jikoni, auinue mguu pembeni taratibu, huu kisha ule. Alale chali kitandani, akunje magoti, anyanyue makalio, ashushe. Atembee kila siku, kidogo kidogo mara nyingi badala ya mara moja hadi achoke. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi, si kitu. Yakiwa hayajatulia kesho yake, apunguze idadi, asiache. Usiku alalie upande mzima na mto katikati ya magoti. Ngazini, mguu mzima utangulie kupanda na mguu mbovu utangulie kushuka. Bakora akaikata kwa macho tu kabla fundi hajaikata kwa msumeno, akaihamishia mkono wa pili. Mama akatembea hatua sita kwenye ukumbi ule, akasimama, akageuka kunitazama. Sitawaelezea mtazamo ule. Kila mtu ana mama.

Mazoezi alianza kuyahesabu kwa tasbihi, jambo lililotatiza kundi la WhatsApp, kwani dada hakuelewa kama anayeonekana kwenye video anafanya uradi au tiba. Swala ilikuwa na mgogoro wake. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi, na imamu alimwambia hivyo mwenyewe, ila mama aliona kiti ndani ya swala ni kama kuvaa viatu kitandani. Wakakubaliana: kisimamo atasimama, sijida ataifanyia kitini. Chooni tukaweka kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Yale mazulia madogo ya mlangoni, yenye maandishi ya kukaribisha wageni na tabia ya kuteleza, tukayakunja. Kandambili zilizolika kisigino zikatupwa mara tatu, maana mara mbili za kwanza alizirudisha.

Na mbuzi. Tuliipeleka kwa seremala tukamwomba aikate ulimi, auweke kwenye benchi refu ili mtu akune akiwa ameketi kwenye kiti cha kawaida. Alifikiri tunamtania. Kilichotoka karakanani mwake kina miguu mirefu na shingo mbele, na mjukuu akakipa jina siku ile ile: twiga. Twiga anakuna nazi vizuri. Tui likarudi kuwa tui.

Baiskeli ndiyo iliyotufanya tuulize mara mbili. Yule binti alisema tandiko hubeba mwili na nyonga inazunguka bila mzigo, kwa hiyo kwa mtu aliyeizoea ni zoezi zuri kuliko mengi, mradi aweze kuvusha mguu bila shida, afike chini kwa nyayo anaposimama, na aende asubuhi kabla bodaboda hazijaamka. "Kwani nani aliyeizuia?" akauliza. Hakuna aliyejibu. Simu ya video ya kaka mkubwa ikakatika, nadhani ni mtandao.

Kwa hiyo Jumamosi moja nilishuka Tanga na ufunguo. Haukuingia. Hewa ya chumvi ilikuwa imelila kufuli kwa ndani, nikalipiga mafuta ya taa, nikalipiga nyundo, mwishoni nikamwita fundi baiskeli aje na msumeno wa chuma. Wakati wote huo mama alikuwa kwenye kiti chake cha mninga kibarazani, anasimama na kuketi, anasimama na kuketi, punje za tasbihi zinapita. Mnyororo ulipoanguka hakusema kitu. Alikagua upepo kwa kidole gumba, akafuta tandiko kwa pindo la khanga, akavusha mguu kwa kuuinamisha mwili kidogo kama alivyofundishwa.

"Nazi zimeisha," akasema, akaondoka.

Nikaingia ndani kumsubiri. Nilikuwa nimesafiri saa sita kwenye kiti cha basi na nimeinama kwenye kufuli asubuhi nzima, nikajitupa kwenye kochi. Aliporudi na nazi zake alinikuta bado nimo, magoti juu, natafuta pa kushika.

Akaweka kapu chini, akanipa ile bakora ya Maskati.

"Mkono wa pili," akasema.